Nani Aliwahi Kukuona Ukitoka Damu?

"Damu ya pua hukaa dakika ngapi kabla ikauke?" Sista Jeniffer aliuliza, kalamu mkononi.

"Kawaida tu."

"Na ya mwezi?"

"Kawaida. Kwetu wanawake wote wako hivyo."

Wakonyo, mshonaji wa sare za shule pale Gatitu, alijibu "kawaida" mara sita, na wala hakuwa akidanganya. Kwao mama, shangazi na nyanya walitandika taulo kitandani kila mwezi, na hakuna aliyewaambia kwamba kwa jirani mambo si hivyo. Jumatatu angepasuliwa kutolewa uvimbe tumboni. Maswali yale ndiyo yangempa daktari picha kama damu itakubali kukoma.

"Umepata alama moja tu ya hatari," Sista akasema. "Mamako yuko?"

"Alikufa akizaa kitinda mimba wetu."

"Nini ilimuua?"

"Damu ilikataa kukoma."

Sista akaweka kalamu chini. "Hiyo pia ni kawaida? Nipatie mtu hajazaliwa kwenu. Mtu ameishi na wewe, akakuona."

Alikuwa mmoja tu, Mutahi mwenye duka, aliyekuwa mchumba wake. Miezi minane iliyopita, wiki mbili kabla ya ruracio, sherehe ya kupeleka mahari, Wakonyo alimtumia ujumbe: "Usinitafute. Sitaki ndoa tena." Tangu hapo alikula peke yake chumbani Ruring'u, redio ikiongea ili angalau kuwe na sauti ya mtu. Upweke ulikuwa umemkondesha, lakini kiburi kilimkataza kupiga simu.

Leo alipiga.

"Ati nani?"

"Ni mimi. Niko hospitali. Kuna sista anataka kukuuliza maneno yangu."

"Weka spika."

Mutahi hakuhitaji kukumbushwa.

"Ile jino aling'olewa Karatina ilitoka damu siku mbili. Nilibadilisha foronya mara nne. Akajikata na makasi, nikamshikia kidole kutoka habari ya saa moja mpaka saa tatu. Ya mwezi ni siku tisa, na ya pili hawezi simama. Miguu inavilia damu na hajagongwa. Nikimwambia, ananiambia ni kawaida."

Kalamu ilikimbia. Alama zikafika tisa.

"Jumatatu hakuna kisu," Sista akasema. "Kwanza tupime hiyo damu, tutafute dawa ya kuishika. Mama, ungeingia hivyo, sijui kama ungetoka."

Wakonyo akaanza kulia.

"Wakonyo," Mutahi akaita, "uliniacha juu ya nini?"

"Mama alikufa akizaa, nikaogopa na mimi nitaenda hivyo. Baba alibaki kama mtu amepotea. Sikutaka ubaki hivyo."

"Na sasa nimebaki aje? Miezi minane napika chai ya watu wawili, namwaga nusu."

Sista alikohoa, akageuza fomu. "Hapa kuna mahali ya mtu wa karibu. Umeacha wazi."

"Sina mtu."

"Andika Mutahi," simu ikasema.

"Ni nani yake?" Sista akauliza.

Wakonyo alifunika uso kwa kitambaa. Hakuwa mume, na uchumba alikuwa ameuvunja mwenyewe. Kwenye simu mlango wa duka ulisikika ukifungwa, na kufuli likabanwa.

"Andika yuko njiani."

Sista aliandika hivyo hivyo.