Kisanduku cha Chini ya Kitanda

Kila asubuhi saa moja, kabla ya chai, Mama Taa alihesabu taa.

Hazikuwa taa za kumulika. Zilikuwa taa ndogo za kijani kwenye visanduku vya mtandao, vilivyopangwa rafuni kando ya cherehani ya mumewe. Visanduku hivyo vilipeleka intaneti katika nyumba za mtaa mzima wa juu. Taa zikitimia kumi na nne, Mama Taa alijua mtaa umeamka salama. Ndipo alipokunywa chai.

Siku hiyo ziliishia tisa.

"Kisanduku kimoja kimekufa!" alisema. "Watu wanaamka sasa hivi. Nifanyeje?"

Mumewe alitoa pini mdomoni. "Si una kile cha chini ya kitanda? Miaka miwili nakigonga kwa kidole cha mguu. Leo nacho kiamke, kifanye kazi kama sisi."

Mara nyingi mume alikuwa amemwuliza kwa nini hakitupi. Jibu lilikuwa lile lile: "Kitu kizima hakitupwi."

Mama Taa alikivuta, akakipangusa vumbi. Juu yake palikuwa na karatasi iliyobandikwa, yenye mwandiko wa haraka haraka: KAZI YA SISI WAWILI. Alikipangusa pale upesi, kama anayepita mbele ya nyumba ya mtu aliyekosana naye. Kisha akachomeka nyaya.

Taa ziliwaka zote kumi na nne! Baada ya muda zikaanza kupepesa kwa kasi, kama mvua juu ya bati.

"Tazama! Wateja wamefurika!" alicheka, akapiga makofi.

"Nilikwambia," mume alijigamba. "Kumbe mimi pia ni fundi mitandao."

Saa tatu na nusu mlango uligongwa kwa fujo. Aliingia mwanamke mnene, jasho likimtiririka, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alikuwa Bi Njiapanda. Yeye ndiye msimamizi wa Njiapanda, chumba ambamo nyaya za mitandao yote midogo ya mjini hukutana. Zikikutana pale, ujumbe wa mtaa huu kwenda mtaa wa pili hauhitaji kuzunguka ng'ambo na kurudi.

"Mwenzangu! Simu yako ina nini? Nimepiga tangu saa mbili!"

"Mbona haijalia?"

Bi Njiapanda alifungua daftari la mawasiliano na kuonyesha namba.

Mama Taa alishika kichwa. "Hiyo niliiacha mwaka jana."

"Uliiacha, lakini hukutuambia. Nimekutafuta mlango kwa mlango, hata kisigino cha kiatu kimenikimbia. Haya, asubuhi umebadilisha nini?"

Mama Taa alionyesha kisanduku. Bi Njiapanda alikitazama, akasoma ile karatasi, akapiga kite.

"Kila mtandao una anwani zake," alisema. "Ni kama namba za milango. Wewe hutangaza, 'Wa anwani hizi wako kwangu, leteni barua zao hapa.' Sisi wengine tunakuamini, tunaleta. Sasa kisanduku hiki kilikuwa kinahudumia mtaa gani?"

"Mitaa yote miwili. Wa juu na wa chini. Zamani, nilipokuwa na..."

"Na mdogo wako. Kisanduku hakijui kwamba mliachana. Kimeamka usingizini, kimetangaza mitaa yote miwili. Barua za wateja wa mdogo wako zinamiminika hapa kwako, na hapa hazina mwenyewe. Zinapotea."

Mama Taa alizitazama zile taa zilizokuwa zikicheza. Alikuwa amezipigia makofi.

Mdogo wake walimwita Chapuchapu. Miaka miwili iliyopita alitaka wajiunge na Njiapanda. Mama Taa alikataa. "Mshindani ni mshindani," alisema. "Hatuingii chumba kimoja naye." Wakagombana. Chapuchapu akachukua mtaa wa chini, akaondoka, akajiunga na Njiapanda peke yake. Baada ya mwaka mmoja Mama Taa aliona faida ya Njiapanda, akajiunga kimya kimya. Lakini hakwenda kumwambia mdogo wake, "Ulisema kweli." Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Nikichomoa, mambo yatarudi sawa?" aliuliza.

"Kwa upande wako, ndiyo. Lakini mdogo wako anadhani kosa liko kwake. Nasikia anabomoa mitambo yake yote. Nimempigia, simu inaita tu. Na saa nne kamili zahanati ya mtaa wa chini ina miadi. Daktari bingwa aliye mbali atamwangalia mtoto mchanga kwa njia ya video. Moyo wa mtoto hauendi vizuri. Daktari huyo hupatikana mara moja kwa wiki."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasorobo.

Wazo dogo lilimnong'oneza Mama Taa. Chomoa tu, kaa kimya. Nani atajua? Kisha akamfikiria mama wa yule mtoto, akiwa amekaa kwenye benchi anatazama kioo cheusi.

Alichomoa waya. Nyumba kadhaa za mtaa wake zilikatika, naye akamwachia mumewe simu. "Wakipiga, waambie ukweli. Waambie nimekosea, natengeneza."

Akakimbia.

Alimkuta Chapuchapu kwenye chumba chake cha mitambo, jirani na zahanati, juu ya ngazi, nyaya zikimning'inia shingoni, machozi yakikaribia.

"Dada? Umekuja kunicheka?"

"Shuka. Hapana, usishuke! Mitambo yako ni mizima. Kosa ni langu. Nimewasha kisanduku chetu cha zamani bila kufuta anwani zako. Nimeshakichomoa. Rudisha nyaya zako zote!"

Chapuchapu alizitazama nyaya za shingoni. "Nyaya ishirini na mbili, dada! Sikumbuki ipi ilikuwa wapi!"

"Mimi nakumbuka. Nani alikufundisha kuzipanga? Zahanati kwanza. Ya bluu, tundu la tatu."

"La tatu limejaa!"

"Basi umeanza kuhesabia kulia, kama kawaida yako. Hesabia kushoto!"

"Hata leo unanigombeza?"

"Hata leo unahesabia kulia!"

Chapuchapu aliguna, na mguno ule ukageuka kicheko. Walikwenda pamoja, mmoja akitaja, mwingine akichomeka. Bluu. Njano. Nyeupe. Saa nne kasoro dakika mbili taa moja ya kijani iliwaka. Ikafuata ya pili.

Kutoka dirisha la zahanati, muuguzi alipaza sauti: "Anaonekana! Daktari anaonekana!"

Chapuchapu alishuka mbio, na dada na mdogo wakaruka kama watoto waliopewa likizo. Ngazi ilianguka, hakuna aliyejali.

Daktari alimwangalia mtoto kwa nusu saa. Alisema asafirishwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo, asingoje wiki nyingine. Majuma matatu baadaye mtoto alirudi, akinyonya kwa pupa, mama yake akitembea naye nyumba hadi nyumba kumwonyesha.

Jumamosi iliyofuata tukio lile, mafundi mitandao wote walikutana Njiapanda. Wengine hawakuwahi kupeana hata salamu. Mama Taa alisimama, akaeleza kosa lake mwanzo hadi mwisho. Alidhani watamzomea. Badala yake fundi mmoja mwenye mvi alisema, "Mimi lilinipata mwaka juzi. Nilijificha siku mbili." Wa pili naye akakiri lake. Chumba kizima kikacheka.

Kisha wakafanya kazi. Kila mmoja aliandika upya namba yake ya simu daftarini, na ya mtu wa pili wa nyumbani. Walikubaliana kuzihakiki kila mwanzo wa mwezi. Walikubaliana kwamba kisanduku cha zamani kisiwashwe kabla ya kufutwa kumbukumbu zake. Na Bi Njiapanda aliweka chujio: mtandao ukitangaza anwani zisizo zake, tangazo linakataliwa pale pale.

Mwezi haukuisha, fundi mmoja akakosea vile vile. Chujio likakamata. Bi Njiapanda akapiga simu, ikapokelewa mara ya kwanza, na hakuna nyumba hata moja iliyokatika.

"Tumeweza!" alipiga kelele, viatu vyote viwili vikiwa miguuni.

Jioni hiyo Chapuchapu alipita kwa dada yake. Kisanduku cha zamani kilikuwa juu ya meza, kimeshafutwa, kinangoja kazi. Karatasi ilikuwa bado imebandikwa.

"Shemeji ananiambia ulikilaza chini ya kitanda miaka miwili," alisema. "Kwa nini, dada?"

"Kitu kizima ha..." Mama Taa alianza. Mumewe alisimamisha cherehani.

Mama Taa aliweka kidole juu ya ule mwandiko wa haraka haraka.

"Si kwa sababu ni kizima," alisema. "Wewe ndiye uliyesema kweli, mdogo wangu, na mimi nilikuwa nakungoja urudi."