Nembo ya Waride Haikufa

Hakuna aliyejua kukausha kamba pale Salale kama Waride. Aliwachemsha kwa chumvi, akawaanika kichanjani, akawafunga kwenye pakiti. Kila pakiti ilikuwa na nembo ya Bodi ya Mazao ya Maji. Nembo hiyo aliisotea, jamani! Wakaguzi walikuja, wakakataa, wakaja tena, mpaka wakaridhika.

Asubuhi moja mumewe, Fikirini, alirudi mbio kutoka gengeni.

"Mke wangu, tumekwisha! Redio imesema Bodi imevunjwa. Talib mchuuzi anasema nembo zetu sasa takataka. Eti atatusaidia, achukue mzigo wote kwa bei ya kutupa."

Waride aliutazama mzigo wake. Mzigo ule ulikuwa jasho lake la msimu mzima. Alipoinua macho, Fikirini keshaanza kubandua nembo.

"Unafanya nini?"

"Naondoa aibu. Bodi imekufa."

"We Fikirini, hebu acha!" Alikuwa Zena, afisa uvuvi wa kata, anapita zake. Akaingia, akaketi mkekani. "Baba yako alipofariki, shamba lake la mpunga lilizikwa naye?"

"Hasha! Tulirithi sisi."

"Na yule jirani aliyempa ruhusa ya kulima kipande, mlimfukuza?"

"Tumfukuzeje? Aliruhusiwa na baba."

"Basi na Bodi ni hivyo hivyo. Yenyewe imevunjwa, kazi zake zimehamia Idara ya Ubora, Kibiti. Sheria inasema vibali vya zamani na nembo zake viendelee. Muda ukiisha, mtakata kibali kipya huko. Na ukaguzi uko palepale. Ukisikia ofisi imevunjwa, uliza kwanza: kazi zake kapewa nani?"

"Na pakiti hizi alizobandua nembo?" Waride akauliza.

"Hizo haziuziki. Nani atajua zimekaguliwa?"

Fikirini akaziokota pakiti zisizo na nembo, akaziweka kando.

Talib alipofika na mashua yake, Waride alimpokea mlangoni. "Kamba wangu wana mwenyewe, kaka. Nenda salama."

Akaupeleka mzigo Kibiti mwenyewe. Idarani afisa aliitazama nembo, akatabasamu. "Halali kabisa, mama. Karibu kwetu." Wenye maduka wa pale hawakubakiza hata pakiti moja. Aliporudi, wanawake wa Salale walimpokea kwa vigelegele, na furaha ikamjaa Waride mpaka akalia.

Na Fikirini? Alikula kamba asubuhi, kamba mchana, kamba jioni.

"Nipikie japo kisamvu, mke wangu!"

"Maliza kwanza ulizobandua," Waride akamjibu, akampakulia tena.