Mbishi na Jongoo Bahari

Kila siku akitoka shule, Mbishi alipitia maabara ya mama yake kusafisha matangi ya jongoo bahari. Jina la Mbishi alipewa na wenzake darasani kwa kumkejeli, naye akalivaa kama medali. Jongoo bahari ni wanyama laini wasio na uti wa mgongo, wanaojikokota taratibu wakila mchanga. Mama yake alichunguza vinasaba vyao, yaani yale maelekezo madogo mno yaliyomo mwilini mwa kila kiumbe. Vinasaba hivyo vilimwonyesha kwamba jongoo wake wa madoa na wale wa kahawia, waliodhaniwa ni aina moja, ni aina mbili.

Basi mwalimu wa sayansi aliposema ni aina moja, Mbishi alisimama akakataa. Mwalimu akamwonyesha kitabu. Akakataa tena. Kwenye jaribio aliandika vilevile, akapata sifuri. Akaambiwa alifute jibu lile apewe alama zake. Hakulifuta.

"Kitabu kimeandikwa na watu," alisema. "Na mama yangu ni mtu."

Mwalimu hakukasirika. Alimtaka alete ushahidi, si jina la mama.

Nyumbani Mbishi aliwaka. Alitaka mama aende shuleni akamnyooshe mwalimu. Mama akakataa katakata. Aliyebisha ni nani? Basi afanye kipimo mwenyewe, yeye atamsimamia tu.

Mbishi akavaa glavu maabarani, akatia vipande vidogo vya ngozi ya jongoo kwenye vichupa, akafuata kila hatua aliyoelekezwa. Hatimaye mashine ikatoa picha yenye mistari inayong'aa. Ya jongoo wa madoa ilikaa juu, ya wale wa kahawia chini: aina mbili. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Kisha akaona nafasi moja tupu. Kichupa kimoja alikuwa amekisahau juani, kipande chake kikaoza.

Rafiki yake wa dawati moja, aliyekuja kutazama, alimnong'oneza achore mstari hapo kwa kalamu nyeupe.

"Nani atajua?"

"Mimi," Mbishi akajibu. "Nimekataa kufuta ninachokijua. Sitachora nisichokiona."

Kesho yake alisimama mbele ya darasa, akaanza na ile nafasi tupu. Alieleza kosa lake kabla ya jambo jingine lolote. Vicheko vikaanza nyuma, hakuvijali. Mwalimu aliisogeza picha dirishani, akauliza swali baada ya swali, naye akajibu. Mwishowe mwalimu akachukua kalamu, akaikata ile sifuri kwenye karatasi ya jaribio.

"Kubisha kila mtu anaweza," aliwaambia wanafunzi. "Huyu angeweza kulificha kosa lake, lakini hakulificha. Ndiyo maana namwamini kwa yaliyobaki. Mkiwa na hakika, msinyamaze, hata mbele yangu. Lakini ukweli mnaoudai kwangu, udaini kwenu wenyewe kwanza."

Mbishi alirudi kukaa. Halafu akanyoosha mkono tena: ukurasa unaofuata wa kile kitabu, alisema, alikuwa na neno nao.

Mwalimu akavuta kiti, akaketi kumsikiliza.