Antena kwenye Kamba ya Nguo

Haya yalimkuta rafiki yetu Mumbere, mwenye duka pale Bihambwe, mwaka ule vita vilipokuwa vikiifunga barabara ya Walikale kila wiki. Alichomeka kijiredio cha kunasa mawimbi kwenye kompyuta, akaanza kujifunza kuandika programu ya kusikiliza redio za fonii, zile za kuzungumzia kati ya vijiji na kambi, na kurekodi yenyewe kila sauti, ajue kunakolia risasi kabla ya kutuma lori lake. Antena aliificha kwenye kamba ya nguo, maana siku hizo mwenye antena aliitwa mpelelezi.

Alasiri moja ya ukungu, akiwa amejifungia gizani, alikuta rekodi mpya ya saa nane ya siku hiyo. Mtu alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Kinu kikanyamaza. Mkewe Régine akamwita kwa jina la mtoto wao, aje ale, “Papa Kétsia, kuya ukule!” Kisha sauti yake mwenyewe: “Niko nakuya.”

Saa nane Régine alikuwa shambani. Nani amewategea kinasa sauti? Mumbere alipekua uvunguni na nyuma ya magunia ya maharagwe. Hakuna kitu.

Régine aliporudi, alishika mchi uani. Kinu kililia, kikanyamaza.

“Papa Kétsia, kuya ukule!”

Mumbere, bado chumbani, alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili asiitike.

Kutoka uani, sauti yake ikajibu, “Niko nakuya.”