Mnara wa Korongo la Punda

Asubuhi ya siku ya tatu ya safari, Corinne alitoka nje na kikombe cha kahawa akakuta mawe matatu yamepangwa juu ya boneti ya gari. Jiwe pana chini, la wastani katikati, dogo la mviringo juu. Theluji ilikuwa imeanguka usiku na kulifunika gari zima, lakini juu ya mawe hapakuwa na hata chembe. Na kulizunguka gari theluji ilikuwa laini tupu, haijakanyagwa hata na sungura.

Hakushtuka sana. Everett, mumewe, alikuwa fundi mwashi miaka thelathini na minane, na mwashi akistaafu mikono haistaafu naye. Enzi zile walipokuwa bado wanacheka pamoja, hakupita penye mawe bila kupanga mawili matatu, huku Corinne akimtania kwamba hata akhera atawajengea malaika ukuta. Kwa hiyo alirudi ndani, akamuuliza ameamka saa ngapi kwenda kuchezea mawe kwenye baridi ile.

Everett alikuwa anafunga kamba za viatu. Alitazama dirishani, mikono ikasimama.

"Sikutoka," alisema. Hakufungua tena mdomo mpaka mchana.

Hapo sasa ndipo palipokuwa na kidonda. Mwanaume huyu alikuwa amenyamaza miaka kumi na moja. Si kimya cha kununa, maana hata kununa ni mazungumzo. Alikula, akashukuru, akaosha vyombo, akalala. Corinne alimpeleka kwa daktari wa masikio, daktari akasema masikio mazima kabisa. Aliwahi kudhani ana mwanamke nje, akampekua mifuko kwa aibu, akakuta risiti za saruji tu. Mwisho akaandaa safari hii ya siku kumi kwenye makorongo mekundu ya kusini, katikati ya Januari, wakati watalii wameshaondoka na hoteli nusu zimefungwa, wawe wawili tu garini. Akajiapia moyoni, bila kumwambia mtu, kwamba wakirudi nyumbani, mjini Ogden, na Everett hajazungumza naye kama mtu na mkewe, basi majira ya kuchipua yatamkuta kwa dada yake, mjini Boise. Maboksi ya kuhamia alikwisha kuyatafuta. Yako gereji, nyuma ya miti ya Krismasi ya plastiki.

Walikuwa wameshapita hifadhi za Zion na Bryce, na kote huko Everett alisema maneno ambayo ungeweza kuyaandika kwenye kiganja. Gari lenyewe lilisema zaidi yake. Lilikuwa jipya, zawadi waliyojinunulia ya kustaafu, na lilipiga kelele kwa kila kitu: mlango haujafungwa vizuri, kelele, hujafunga mkanda, kelele. Siku ya kwanza kapu la chakula kwenye kiti cha nyuma lililifanya lilie njia nzima, likidhani kapu ni mtu, mpaka Corinne akalifunga mkanda kama mtoto. Aliangua kicheko. Alicheka peke yake, kikaisha.

Jioni ya siku ya tatu walifika mji mdogo ambako wao ndio walikuwa wageni pekee wa hoteli. Mwenye hoteli alikuwa amewaachia ufunguo ndani ya bahasha iliyobandikwa mlangoni, akaenda zake nyumbani. Corinne aliingia bafuni kunawa, akakuta mawe manne yamepangwa ndani ya sinki. Yalikuwa yamelowa. Chini yake kulikuwa na mchanga mwekundu, na bafu zima lilinuka vumbi lililoguswa na maji, ile harufu inayotoka korongoni mafuriko yakiwa njiani. Lakini nje kila kitu kilikuwa barafu, wala mvua haikuwa imenyesha tangu Oktoba.

Alimwita mumewe. Everett akaja, akasimama mlangoni, akayatazama yale mawe. Hakuuliza yametoka wapi. Aliyachukua moja moja kwa mikono miwili, akatoka nayo nje.

Kesho yake asubuhi walitembea njia fupi iliyo juu ya mwamba mtupu, na jua lilikuwa limewaka mpaka theluji inaumiza macho. Kwenye sanduku la chuma mwanzo wa njia, Everett aliandika daftarini kama anavyoandika kila mtu: jina, saa, idadi. Watu wawili. Corinne alitangulia, Everett akafuata, na walipokuwa wameshaenda mbali kidogo Corinne akasikia nyuma, tak, jiwe likiwekwa juu ya jiwe, halafu tak tena, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Akageuka akidhani ni Everett. Everett alikuwa amesimama mikono mitupu, amefumba macho, na ile sauti ilikuwa inatoka nyuma yake yeye.

Hawakuulizana. Walirudi haraka, bega kwa bega, na harufu ya vumbi lililolowa ikawasindikiza mpaka kwenye gari.

Hapo walimkuta mama mmoja mwenye sare za hifadhi, mfupi, uso umekaangwa na jua na upepo, ameegemea koleo. Jina lake, Nedra Pace, lilishonwa kifuani. Aliwauliza kama wao ndio walioandika wawili. Corinne akasema ndiyo.

"Na yule mwenzenu yuko wapi?"

Corinne akamwambia hawana mwenzao. Nedra hakubishana. Alieleza tu kwamba wakati wa baridi kazi yake ni kulinganisha daftari na nyayo, maana zisipolingana kuna mtu wa kwenda kutafutwa, na yeye hapendi kutafuta watu gizani. Akawaonyesha kwa ncha ya koleo. Nyayo za Corinne zilikuwa pembeni, ndogo. Nyayo za Everett zilikuwa kubwa. Na nyuma ya za Everett, hatua kwa hatua, zilikuwepo za mtu wa tatu, buti la kulia halina soli, vidole vitano vimejichora kwenye theluji.

Kisha yule mama akatazama boneti ya gari lao. Mawe saba.

"Nani mjenzi kati yenu?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

Mzaha mzaha hutumbua usaha, walisema wahenga, na usaha wa miaka kumi na moja ulitoka pale pale, penye maegesho, mchana kweupe. Everett alikaa kwenye bampa, akavua kofia, akasema.

"Nilijenga mnara. Korongo la Punda, pale linapogawanyika. Nilikuwa peke yangu, nimeleta matofali kwa mteja huku kusini, nikapata nafasi ya kutembea. Mawe ya pale mazuri sana, mama. Ulinifika kifuani. Sikuwa na maana yoyote, nilitaka tu upendeze."

Aliujenga upande wa kushoto. Na watu wa huku wanajua, kwenye mwamba mtupu hakuna njia inayoonekana, vimnara vya mawe ndiyo njia yenyewe. Mtu akikiona anakiamini kuliko anavyomwamini mama yake. Njia ya kweli ilikwenda kulia. Ya kushoto inaishia kwenye genge refu lililokatika wima. Mwezi mmoja baadaye Everett alisoma gazetini kwamba mwalimu kutoka Nebraska, Lyman Trask, aliyekuja kutembea peke yake kwenye theluji, amepotea katika Korongo la Punda. Walimpata Aprili, chini ya genge, buti moja limechanika soli kwa kujaribu kupanda kurudi.

"Miaka kumi na moja, Everett," Corinne alisema.

Alikasirika sana. Na katikati ya hasira, aibu iliyoje, alifurahi. Kumbe hakuwa amechokwa. Kumbe kimya kile kilikuwa na jina la mtu. Lakini aliona jambo moja likamchoma: maneno yote yale Everett alikuwa amemwambia Nedra, na kwake hakugeuza hata shingo.

Nedra alisema mnara ule anaujua. Ameuvunja mara nne kwa mguu wake mwenyewe, akidhani ni kiburi cha watalii, na kila akirudi anaukuta umesimama, mrefu vilevile.

"Alikufa akifuata mawe yako, bwana, na mpaka leo anayafuata. Hayo ya kwenye gari anakuuliza njia kwa lugha unayoielewa. Nenda uuvunje wewe. Halafu mpangie mengine ya kumtoa, mpaka njia inapoishia. Msimwache katikati." Alipoulizwa kama atakwenda nao, akatikisa kichwa. "Mimi hanifuati."

Walifika Korongo la Punda saa saba mchana. Palikuwa na kibao kimoja, sanduku moja la daftari, na gari lao tu. Everett alishika penseli muda mrefu. Kisha akaandika: watu watatu.

Mnara ulikuwepo. Corinne aliuona kutoka mbali, na Mungu amsamehe, aliuona mzuri, mwekundu juu ya theluji nyeupe, kila jiwe limekaa penye haki yake. Everett alitembea nusu saa nzima kupita pale mpaka ukingo wa genge, akatazama chini, akalitaja jina, Lyman Trask, na kusema yeye ndiye, yeye ndiye aliyejenga, anaomba radhi. Korongo halikurudisha mwangwi. Sauti iliingia ndani yake ikakaa. Halafu kutoka chini kabisa, mahali jua lisipofika, ikaja tak.

Akaanza kazi. Aliweka kimnara cha kwanza pale pale ukingoni, mawe matatu, halafu akarudi kwenye mnara mkubwa na kuuvunja kwa mikono, jiwe moja baada ya jingine, na Corinne akambebea mawe kwenye mkoba, wakaenda wakipanga kutoka ukingoni kurudi penye maegesho, kila hatua hamsini, mawe matatu, mawe matatu. Saa tisa jua lilitoka korongoni kama taa iliyozimwa, na baridi ikashuka, na harufu ya vumbi lililolowa ikapanda, na nyuma yao ikaanza kusikika hatua, moja nzito ya buti na moja laini ya mguu mtupu, buti, mguu, buti, mguu, ikisimama wao wakisimama, ikingoja jiwe la tatu likae vizuri juu ya la pili kisha ikisogea tena, karibu zaidi, mpaka Corinne akawa anasikia pumzi, si ya kutisha jamani, pumzi ya mtu aliyechoka tu, mtu aliyepanda mlima mrefu asiyetaka kuwachelewesha wenzake, na hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote, kwa sababu aliielewa, alijua kabisa kutembea nyuma ya mtu miaka na miaka ukingoja ageuke akuone.

Kimnara cha mwisho Everett alikiweka penye maegesho, hatua mbili kutoka kwenye gari. Mikono yake ilikuwa inatoka damu. Hatua zikafika, zikasimama. Halafu kimya, na harufu ikakatika ghafla kama mtu amefunga mlango.

Corinne alimkumbatia mumewe wakalia wote wawili. Everett alitaka kusema kitu, Corinne akamzuia, akamwambia waingie kwanza kwenye joto, wana njia ndefu, atayasema yote. Alikuwa tayari anayafikiria yale maboksi ya gereji, kwamba atayachoma.

Everett akawasha gari. Likaanza kulia. Corinne alitazama mkanda wake, umefungwa. Wa Everett, umefungwa. Kapu la chakula lilikuwa sakafuni. Kwenye dashibodi ilikuwa inawaka taa ndogo nyekundu ya kiti cha nyuma, upande wa kulia.

Hawakugeuka. Mpaka njia inapoishia, alisema Nedra, na wao wakadhani njia inaishia penye maegesho.

"Anatokea wapi vile?" Corinne aliuliza.

"Nebraska."

Gari lililia, likalia. Mwisho Corinne akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akautafuta mkanda, akauvuta. Haukulala kwenye kiti kitupu. Ulizunguka kitu, ukapanda na kushuka polepole kwa pumzi. Akaubana, gari likanyamaza.

Walipoingia barabara kuu giza lilikuwa linaanza, na Everett alianza kuzungumza. Alizungumza kama bwawa lililopasuka. Alieleza alivyosoma lile gazeti jikoni na kulichoma kwenye jiko, alivyolala macho miaka yote ile, siku ya harusi yao na mvua yake, jinsi alivyoogopa siku Corinne atakapojua, jinsi alivyompenda. Yote ambayo Corinne aliyasubiri yalitoka, moja moja, kwa sauti ile ya zamani aliyodhani imekufa.

Lakini hakumtazama hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha juu, na kila baada ya maneno machache alinyamaza kidogo, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Corinne alikaa kando yake, mikono mapajani, akitazama theluji ikija kwenye taa. Nebraska ilikuwa bado mwendo wa saa kumi na mbili mbele.