Sauti Iliyoingia Kwenye Somo la Kola

Nilimzaba mwanangu kibao mbele ya mkewe.

Mtu mzima, ana ndevu, ana mtoto... nikamzaba!

"Mwizi wa mkeo mwenyewe! Umenivua nguo mbele ya wakwe!"

Hakujishika hata shavu. Aliniangalia tu, halafu akainamisha kichwa.

Ndugu zangu, someni hadi mwisho ndipo mnitukane. Ruhusa mnayo.

Mimi ni fundi simu. Shule niliiacha mapema. Naishi nyumba moja na mwanangu na mkewe. Mkwe wangu anashona nguo, na siku hizi anafundisha kushona kwa video. Mwanafunzi analipia, anafungua kwenye brauza, anatazama. Kuzipakua hawezi, zimefungwa.

Sikuwahi kutazama hata moja. Kwangu mimi, mwanamke aliyekaa mbele ya simu ni mwanamke anayecheza.

Basi video zikavuja! Zikawa zinagawiwa mtaani kwenye fleshi kama karanga. Wanafunzi wakaacha kulipia. Na nenosiri lake alilijua mtu mmoja tu... mumewe.

Siku ya kibao, shangazi wa mkwe wangu alikuja kumchukua. Begi lilikuwa tayari mlangoni.

"Nimekuja kwa heshima," shangazi akasema. "Mtoto wetu anaibiwa na huyo huyo aliyemuoa. Mzee mwenzangu, unasemaje?"

Nikamgeukia mwanangu.

"Ni wewe?"

Akalitazama begi la mkewe.

"Nakuuliza, ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

Hapo ndipo kibao kilipotua.

Mkwe wangu alikuwa analia kwa kwikwi. "Mume wangu, nilikukosea nini?"

"Nisamehe."

"Nisamehe ndiyo jibu?"

Shangazi akatoa simu kwenye mkoba. "Ushahidi huu hapa, kaniletea jirani yangu. Somo la kola."

Mwanangu aliruka kama kamwagiwa maji ya moto!

"Shangazi, usiwashe! Si nimeshakubali kosa? Ya nini tena?"

"Unaogopa nini?" nikafoka. "Weka, mama! Sauti juu, tusikie wote!"

Nisiwadanganye. Moyo ulikuwa umeshaanza kudunda. Kibandani kwangu na mimi nilikuwa nagawa masomo ya kushona. Lakini nikajiambia, masomo ya kushona yamejaa duniani. Nilitaka niione hiyo video, nijue siyo yangu, nipumue.

Ikaanza. Mikono. Kitambaa cha bluu. Mkasi. Mkwe wangu anaeleza taratibu: "Kola tunaikata vipande viwili, usiivute..."

Mara sauti ya mwanamume ikamkatiza. Nzito, ya karibu.

"Beba, mama, beba! Huyu mwalimu kaweka kufuli kwenye mlango wa nyasi!"

Kicheko. Kikohozi. Halafu...

"Mimi nina mkwe kama huyu nyumbani. Anashinda na simu, eti anafundisha. Mwanangu kaoa mzigo!"

Jamani... ilikuwa sauti yangu.

Mnajiuliza iliingiaje humo? Mteja alikuja na akaunti aliyolipia, akataka nimwekee masomo kwenye fleshi asimalize bando. Video zilizofungwa ukizirekodi kwenye skrini unapata giza tupu. Nikahangaika na brauza mpaka nikapata mwanya, skrini ikakubali. Nikajiona jogoo! Wengine wakazitaka, nikawapa.

Sasa, kurekodi skrini kunataka uiache video icheze mpaka iishe. Nikawa nazima spika, nageuza mgongo, nachomea simu zangu na kupiga soga. Picha sikuitazama. Sauti sikuisikia.

Na maiki ya kompyuta sikuizima. Fundi mzima!

Shangazi akaizima simu.

"Kumbe kesi ya nyani tumeileta kwa ngedere!"

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini mkwe wangu hata hakunitazama. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Ulijua?"

"Nilijua siku ile ile uliponisikilizisha video iliyovuja. Sauti ya baba nimeisikia tangu nikiwa tumboni, nitaachaje kuijua?"

"Na mimi nilidhani ni mlevi wa sokoni tu... Ukanyamaza! Ungeniacha niondoke?"

"Wewe ungekasirika, na siku moja ungenisamehe. Baba angejificha wapi humu ndani?"

Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo walivyosema wahenga. Mimi nilichuma. Wa kwangu akataka ale peke yake, mimi nisionje hata kijiko! Na malipo yake nilikuwa nimeshampa, kiganja kizima.

"Mwanangu..." nikaanza.

"Basi, baba. Kaa."

Laiti angenitukana!

Mkwe wangu akafuta machozi, akamwambia shangazi, "Tangulia tu, mimi siendi." Akabeba begi lake. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia kama kisiki.

"Nipishe, baba. Mzigo unarudi ndani."

Nikapisha. Tangu siku hiyo nikimwomba msamaha anaitikia "sawa, baba," na chakula ananiwekea. Sahani nairudisha nusu.

Nimezunguka kwa wateja, mmoja mmoja, kuwasihi wafute. Wanacheka! Mama mmoja alinijibu hivi:

"Mzee, usijali. Sisi hapo unapoongea tunaruka."

Kumbe mtaa mzima unanijua! Kila binti anayejifunza kukata kola kwa wizi wangu, ananisikia nikimtukana mwalimu wake.

Ndiyo maana naandika hapa. Ukivunja kufuli la mtu usiyemjua, jua kuna nyumba inayokula nyuma ya mlango huo. Mimi ilikuwa nyumba yangu.

Na wewe unayesoma, kama unalo hilo somo kwenye fleshi, lifute leo. Kisha mlipie mwalimu, umsikie yeye peke yake... bila mimi.