Hesabu ya Saa Nne

Saa sita na dakika kumi mchana, mama mmoja aliyevaa koti jeupe la duka la dawa alifika chekechea kumchukua bintiye mapema, akaombwa asubiri kidogo mtoto aitwe. Aliitwa darasani, akaitwa uani, akaitwa chooni. Viatu vyake vya bluu vilikuwa kwenye rafu ya mlangoni, nafasi ya kumi na nne. Mkoba wake ulining'inia kwenye msumari wake. Mwenyewe hakuwepo.

Alikuwa na miaka minne, na kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo kila mtu alimwita Kidoti. Alikuwa pia na pumu. Hilo mama yake aliwaambia polisi kabla ya jambo lingine lolote. Vumbi kidogo tu na kifua kinabana, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa humo mkobani.

Kufikia saa saba Mkaguzi wa polisi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwalimu. Sajini wake, mama kijana mwenye mtoto wa umri huohuo nyumbani, alipata kiti cha mtoto, magoti yakakaribia kidevu.

Mlezi wa watoto alikuwa ameeleza kwa ufasaha. Saa nne kamili alihesabu watoto, akapata ishirini na wawili, akaandika daftarini. Kwa hiyo Kidoti alipotea kati ya saa nne na saa sita na dakika kumi. Mkaguzi aliupenda sana ushahidi wenye saa ndani yake. Alituma askari wawili mtaani waulize kila mtu aliona nini kuanzia saa nne, na kabla ya nusu saa walirudi na muuza vocha. Huyu alisema saa nne na robo alimwona mwanamume amembeba msichana, akamwingiza kwenye gari jeupe.

"Baba yake," alisema Mkaguzi.

Baba wa Kidoti alikuwa dereva wa lori, na alitengana na mama yake miaka miwili iliyopita. Wiki iliyotangulia alisimama getini akagombana na mlezi, kwa kuwa alikatazwa kumwona mwanawe. Aliyesisitiza zaidi kwamba ni yeye alikuwa mama mkubwa wa Kidoti, dada wa mama yake, aliyekuja mbio kutoka kazini kwake kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hospitali. Ndiye aliyemleta mtoto asubuhi saa moja na nusu, kama kila siku. Alimshika mdogo wake mabegani, akamwambia Mkaguzi kwamba yeye alishawaonya, na kwamba mtu wa barabarani hashindwi kumficha mtoto.

Sajini aliandika yote. Kisha aliuliza kama haiwezekani mtoto alitoka mwenyewe.

"Pekupeku?" Mkaguzi alicheka kidogo. Nje ya geti palikuwa pamemwagwa kokoto tangu Jumatatu. "Hata mimi na buti zangu nimechechemea."

"Basi kuna aliyembeba, Afande. Lakini baba aliyekuja na gari angeacha viatu na dawa?"

"Mwenye haraka huacha vingi."

Sajini alitaja jambo la pili. Binti anayekaa meza moja na Kidoti alimwambia kwamba leo Kidoti hakuja.

"Sajini, binti huyohuyo ameniambia nyumbani kwao kuna paka anayeendesha baiskeli."

Hapo hata mwalimu mkuu alitabasamu, na mjadala ukaishia hapo.

Saa tisa kasoro robo dhana ya Mkaguzi ilianza kuvuja. Baba wa Kidoti alifika mwenyewe, shati limelowa jasho, mkononi ana karatasi ya mizani ya malori. Saa nne na dakika kumi na mbili lori lake lilikuwa linapimwa, yeye akiwa kwenye usukani, safari ya saa mbili kutoka hapo. Hakutukana mtu. Aliuliza tu kama dawa imeonekana, na alipoambiwa iko mkobani akakaa chini sakafuni. Dakika ishirini baadaye gari jeupe nalo likapatikana. Lilikuwa la seremala aliyekuwa akimpeleka bintiye zahanati, na binti mwenyewe alikuwa na bandeji mkononi, mzima wa afya, anakula biskuti.

Mkaguzi alivua kofia. "Sasa tuna nini?"

"Tuna saa nne," alisema Sajini. "Kila shahidi tumemuuliza habari za saa nne. Na kama saa nne yenyewe si ya kweli? Nipe saa moja, Afande."

Alianzia jikoni. Mpishi alikuwa mwanamke mnene mcheshi ambaye siku hiyo ucheshi ulikuwa umemkauka. Alisema saa tatu aligawa maziwa vikombe ishirini na viwili, na vyote vilirudi vitupu. Sajini aliuliza mara moja, akauliza mara ya pili, kisha akamtazama akifuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Mficha uchi hazai, mama yangu," alisema taratibu. "Mimi sikuja kulinda maziwa."

Mpishi aliweka kitambaa chini. "Kimoja kilirudi kimejaa. Nilikinywa mimi. Tumeshaonywa mara mbili, anayeonja vya watoto anafukuzwa."

"Kilirudi kutoka meza gani?"

"Meza ya dirishani. Ya akina Kidoti."

Sajini alimfuata mlezi chumba cha kulala, alikokuwa anakunja magodoro. Hakumkaripia. Alimwambia kuhusu kikombe, akamwomba amwonyeshe, kwa vitendo, jinsi anavyohesabu watoto saa nne. Mlezi alitembea hatua chache kuelekea darasani, akasimama. Macho yake yalikwenda kwenye rafu ya mlangoni, na machozi yakamtoka.

Watoto ishirini na wawili hawatulii, alieleza. Ukimhesabu huyu, yule amehamia huku. Kwa hiyo miezi mingi sasa alikuwa akihesabu viatu. Jozi ishirini na mbili, watoto ishirini na wawili. Hakuwahi kukosea.

"Nani mwingine anajua hilo?"

"Wazazi wanaokuja kila siku wanajua. Wananitania, wananiita Mama Kandambili."

Ng'ambo ya barabara, mkabala na geti, alikaa fundi viatu. Askari walikuwa wamemhoji saa saba, naye alisema kuanzia saa nne hakuona kitu. Sajini aliinama kwenye kibanda chake, akamuuliza habari za saa moja na nusu.

"Hiyo hawakuniuliza," alisema fundi. "Nilimwona yule mama wa hospitali anaingia na Kidoti, mtoto anatembea. Akatoka amembeba mgongoni, amemfunika mtandio. Nikadhani ana homa, anarudishwa nyumbani."

"Una hakika ni Kidoti, ikiwa amefunikwa?"

"Mwanangu, kazi yangu mimi ni miguu. Ilikuwa inaning'inia mitupu. Nikasema moyoni, viatu nilivyovishona juzi amevitupa wapi?"

Saa kumi na dakika ishirini Sajini aliwakusanya ofisini kwa mwalimu mkuu. Mama alikaa karibu na meza, dada yake amemshika mkono, baba amesimama ukutani, Mkaguzi mlangoni. Tangu mchana jambo moja lilikuwa likimsumbua Sajini. Kila aliyempenda mtoto yule aliuliza habari za dawa, isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye aliyelala naye kitanda kimoja miaka miwili, wakati mama yake akihudhuria masomo ya jioni.

Alitoa dawa ya kuvuta mkobani, akaibonyeza mbele yao. Haikutoa kitu. Akaibonyeza tena.

"Hii imekwisha," alisema. "Hata tukimfikia amebanwa, haimsaidii."

Mama wa Kidoti alisimama. Alisema haiwezekani, mpya aliinunua Jumatatu, akampa dada aiweke mkobani. Sauti ilimkatika katikati ya neno, akaanza kuhema kama vile pumu ilikuwa yake.

"Tulia, mdogo wangu," alisema mama mkubwa, akimvuta kifuani. "Tulia. Anayo mpya. Hatabanwa."

Mama wa Kidoti alijitoa polepole mikononi mwa dada yake, akamwangalia usoni.

"Yuko wapi?" aliuliza Sajini.

Yuko kwa nesi mstaafu nyuma ya hospitali, alisema mama mkubwa, na nesi hana kosa, aliambiwa ni kumshikia mtoto tu. Mkaguzi alituma gari papo hapo. Mengine mama mkubwa aliyasema bila kuulizwa, akitazama sakafu. Jumamosi mdogo wake alikuwa anahama na mtoto, amepata nafasi ya chuo cha ufamasia mbali sana, na leo mchana walikuwa waende kupiga picha za safari. Alitaka Jumamosi ipite tu, nafasi ipotee, kisha mtoto aonekane. Viatu aliviacha rafuni ili hesabu ya saa nne itimie, wakati yeye yuko kazini mbele ya watu kumi.

"Na mimi ungeniacha jela?" aliuliza baba wa Kidoti.

Mama mkubwa alikuwa anamtazama mdogo wake.

"Ungeniambia, dada," alisema mama wa Kidoti. "Ungesema tu kwamba huwezi kubaki bila yeye."

"Ningesemaje? Mtoto ni wako. Usiku akibanwa ananiita mimi mama, nikikuona asubuhi naona haya."

Saa kumi na moja kasoro tano gari lilirudi. Kidoti alishuka akiwa mzima, amesukwa nywele upya, anapumua vizuri. Sajini alimsogezea sikio kifuani hata hivyo. Mama mkubwa alikuwa tayari kwenye kiti cha nyuma cha gari la pili, Mkaguzi akiwa amekataa afungwe pingu. Kidoti alimwona dirishani, akampungia mkono, akageuka na kuwatazama watu wazima.

"Kesho nani atanileta?" aliuliza.

Mama yake alipiga magoti kwenye kokoto.

"Mimi," alisema. "Kesho mimi, na keshokutwa mimi."